Wamaya wa Kijiji cha Chan: Nani Hasa Aliyetoweka?



Kila mwaka nikifika kwenye wiki ya Wamaya, hakosekani mwanafunzi wa kunyanyua mkono na kuuliza: "Profesa, Wamaya walitowekea wapi?" Siku hizi sijibu kwa nadharia. Namwambia kuwa mahakama za uhamiaji hapa Marekani zinahangaika kutafuta wakalimani wa Kimam na Kik'iche', kwa sababu wanaosimamishwa mbele ya hakimu hawajui Kiingereza, na Kihispania chao ni cha kuungaunga. Hao ndio Wamaya. Lugha zao zipo kama 30, wasemaji wake ni mamilioni, Guatemala, Mexico, Belize, na sasa hapa tulipo. Darasa hunyamaza kidogo. Halafu ndio tunafungua kitabu.

Kitabu chenyewe ni cha Cynthia Robin, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Northwestern, kilichotoka mwaka 2013 kwa jina la Everyday Life Matters. Mwaka mmoja kabla, 2012, alihariri kingine, Chan: An Ancient Maya Farming Community, ambamo wenzake wa mradi wameandika kila mtu na fani yake: wa mifupa, wa mbegu na mkaa, wa vigae, wa matuta ya kilimo. Nimevisoma vyote viwili zaidi ya mara moja. Nataka kusema kwa nini naviona ni katika kazi bora za akiolojia za miaka yetu hii, na pia wapi ninapogombana navyo. Mie si mwanaakiolojia, ni mtu wa taarikh tu, kwa hiyo wenye fani mtanivumilia.

Chan ni kijiji cha kale magharibi ya Belize, kilomita chache kutoka Xunantunich, mji wa Kimaya wenye piramidi ya kimo cha takriban mita 40 ambayo watalii huipanda na kupiga picha. Chan haina kitu cha kupiga picha. Ina vilima vidogo vya mawe na udongo vilivyofunikwa na majani, na hata majengo yake ya katikati hayazidi kimo cha nyumba ya ghorofa mbili. Lakini watu waliishi hapo tangu kiasi cha mwaka 800 K.K. mpaka kiasi cha mwaka 1200 B.K. Miaka elfu mbili! Xunantunich, pamoja na fahari yake yote, ilianza kuvuma karne ya 7, na baada ya karne mbili hivi ikazimika. Yaani kijiji kilikuwepo kabla ya mji, kikauona mji ukipanda, kikauona ukishuka.

Timu ya Robin ilianza kazi hapo mwaka 2002. Katika eneo la kilomita za mraba 3.2 walihesabu kaya 274 na matuta ya kilimo 1,223. Zirudieni tena hizo hesabu. Matuta ni zaidi ya mara nne ya kaya. Kwa hiyo ukitaka kuijua Chan, kitu kikubwa kilichojengwa pale si hekalu, ni shamba. Na matuta hayo hayakujengwa kwa amri ya mfalme. Kuna yaliyoanzwa zamani mno, karne nyingi kabla Xunantunich haijawa na mfalme wa kuamrisha, na yaliongezwa kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, kila ukoo ukiendeleza pale wazee wake walipoachia.

Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Wale waliosoma miaka ile ya 80, kama mie, tulilishwa nadharia ya Karl Wittfogel kwamba kazi kubwa za maji na ardhi ndizo zinazozaa serikali kubwa, na kwamba mkulima peke yake hajui kitu ila kungojea amri. Chan inasema vingine. Hapo wakulima waligawa maji, wakazuia mmomonyoko, wakaujua udongo wao, na mfalme alipokuja akakuta kazi imeshafanywa. Yeye alichofanya ni kuja kula.

Sasa, Robin si wa kwanza kuwatazama wakulima katika bonde lile. Gordon Willey alifika Barton Ramie, kwenye bonde hilohilo la mto Belize, kati ya mwaka 1954 na 1956, akahesabu vilima vya nyumba wakati wenzake wengi walikuwa wakikimbilia makaburi ya wafalme. Hilo lilikuwa pinduo. Lakini ukisoma kazi za wakati ule unaona mkulima ni nambari. Anahesabiwa ili ijulikane mji ulikuwa na watu wangapi wa kuulisha. Na J. Eric Thompson, Mwingereza aliyetawala fani hii kwa miaka mingi, alitupa picha ya makuhani wenye hekima wakitazama nyota, na chini yao wakulima wapole wakitii. Picha nzuri sana kwa mtu aliyekulia kwenye dola iliyokuwa na makoloni.

Alichofanya Robin ni kuingia ndani ya hiyo nambari. Tena hakuingia ndani ya nyumba, alitoka nje yake. Tangu tasnifu yake ya mwaka 1999, aliyoifanya Chan Nòohol, upande wa kusini wa kijiji, amekuwa akisisitiza kuwa maisha ya mkulima hayakai chini ya paa. Kwa hiyo akachimba uwanjani, baina ya nyumba na shamba, penye njia, penye jaa. Akapima kemikali za udongo, akachekecha mchanga kutafuta vipande vidogo vya kazi ambavyo mtu akifagia havimfuati fagio. Kwa njia hiyo akaona kuwa kazi nyingi zilifanyika nje, karibu na konde, na kwamba ule mgawanyo wa kitabuni, mwanamke nyumbani na mwanamme shambani, hauna ushahidi pale. Nyumba na shamba vilikuwa kitu kimoja.

Hapa naomba niwapeleke Pemba kidogo, na sababu mtaiona. Bibi yangu aliishi nyumba ya kukandika, ya fito na udongo, paa la makuti. Alipofariki hakuna aliyehamia. Masika ya kwanza paa likaingia ndani, masika ya pili kuta zikarudi kuwa udongo, na nilipokwenda baadaye nilikuta muhogo umepandwa. Kama si mwembe uliokuwa mbele ya baraza nisingejua pa kusimama. Mwanamke aliyeishi hapo miaka sitini, akazaa, akasuka mikeka, akauguza watu nusu ya kijiji, ameacha nini ardhini? Vigae viwili vitatu, mafiga, na udongo uliokolea jivu pale palipokuwa jiko.

Akiolojia ya pwani yetu ilimpita bibi huyo kwa muda mrefu. James Kirkman alichimba Gede tangu mwaka 1948, Neville Chittick akachimba Kilwa, na walichokitafuta ni mawe: msikiti, kasri, kaburi la nguzo, sahani ya Kichina. Kwa kuwa walitafuta mawe, walipata watu wa mawe, na kwa kuwa waliamini mawe yalikuja na wageni, walipata wageni. Ilichukua mpaka mwaka 1999 kwa Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette kuandika makala yao katika jarida la Azania kuhusu nyumba za fito na udongo za Waswahili na ule umma mkubwa ulionyamazishwa, na kazi yao ya kutafuta vijiji waliifanya hukohuko Pemba. Baadaye Fleisher na Stephanie Wynne-Jones walipima udongo wa Songo Mnara kwa mbinu za aina ileile anazotumia Robin. Kwa hiyo mie ninaposoma habari za Chan sisomi habari za kigeni. Nasoma swali letu limeulizwa na watu wengine, mahali pengine, na pengine limeulizwa vizuri zaidi.

Turudi Belize. Ushahidi ulionivutia kuliko wote ni wa mkaa. David Lentz na wenzake walichunguza kuni na mbao zilizoungua Chan, wakaona kuwa wakulima wale waliendelea kutumia miti migumu ya msitu mkongwe, kama ule msapota wenye ulimbo wa kutengenezea ubani wa kutafuna, karne kwa karne. Maana yake msitu ulikuwepo, hawakuumaliza. Linganisheni na Tikal, mji mkubwa wa Guatemala. Lentz huyohuyo, katika makala ya mwaka 2009, alionesha kuwa boriti za mahekalu ya Tikal zilikuwa za msapota, lakini kuanzia mwaka 741 zikapungua ukubwa, na wajenzi wakaanza kutumia mti mwengine wa daraja la chini. Nguzo ya mwisho yenye tarehe pale Tikal ni ya mwaka 869. Wafalme walikata, wakulima walitunza. Ndio maana nakasirika ninaposoma magazetini kuwa "Wamaya" waliharibu mazingira yao wakajiangamiza. Wamaya gani? Semeni jina la mwenye shoka.

Na vitu vya thamani? Tulizoea kuambiwa ni vya wakubwa. Lakini katika Chan, mawe meusi ya kioo cha volkano yaliyotoka milima ya Guatemala, kombe za bahari ya Caribbean, hata vijipande vya yaspi ya kijani waliyoipenda Wamaya, vimepatikana kwa akina yakhe pia, si katikati ya kijiji peke yake. Wakulima walikuwa na njia zao za biashara. Si haba.

Mpaka hapa nampigia Robin makofi. Ninapoanza kukunja uso ni pale anapotoka kwenye vitu na kwenda kwenye hali za watu baina yao. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni hii: Chan ilidumu kwa sababu tofauti za mali hazikuwa kubwa, viongozi wake katika ibada za katikati ya kijiji walisisitiza jamii nzima badala ya mtu mmoja, na watu waliendelea kuwa na afya njema vizazi kwa vizazi. Kwa hiyo usawa na ushirikiano ndio siri ya miaka elfu mbili. Hoja tamu. Darasani wanafunzi wanaipenda mno, na hilo pekee linanitia wasiwasi.

Chukua habari ya afya. Inasimama juu ya mifupa, na mifupa inayozungumza ni ya wachache, na baadhi yao ni wale waliozikwa penye heshima, katikati ya kijiji. Watu waliopewa kaburi pale si lazima wawe kipimo cha waliozikwa pembeni, au wale ambao hatujui walizikwa wapi. Sisemi hitimisho ni la uongo. Nasema uzani wake ni mwepesi kuliko sauti yake.

Kisha huo usawa. Waliokulia visiwani watanielewa mara moja. Kwenye khitma za kijijini kwetu wote tulikula wali wa chungu kimoja, kwenye masinia ya namna moja, watu watano watano kwa sinia. Aje mtu baada ya miaka elfu moja achimbue uwanja ule, atakuta vyombo vya aina moja, mifupa ya ng'ombe yuleyule, jivu la meko yaleyale, na ataandika kuwa hii ilikuwa jamii ya usawa iliyosisitiza umoja. Lakini wapi! Sie tuliokuwepo tulijua nani ananawishwa kwanza, nani anakaa barazani na nani anaishia uani, binti wa nani hawezi kuposwa na mtoto wa nani. Babu wa jirani yetu mmoja aliletwa kwenye mashamba ya karafuu kama mtumwa, na hilo halikuandikwa kwenye sinia lolote. Lilikuwa kwenye midomo, tena kwa sauti ya chini. Udongo haukuhifadhi hata chembe yake.

Kwa hiyo ninapoambiwa kuwa sadaka zilizofukiwa katikati ya Chan zinaonesha viongozi waliojiweka sawa na watu, mie nauliza: au zinaonesha viongozi waliojua namna ya kujionesha sawa na watu? Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Karamu ya wote inaweza kuwa dawa ya ubaguzi, na inaweza kuwa pazia lake. Robin ni mwangalifu zaidi kuliko baadhi ya wanaomnukuu, hilo nalikiri, anakubali kuwa kaya zilitofautiana. Ila kitabu cha mwaka 2013, kwa kuwa kinataka kutupa somo la kuishi vizuri, kinavuta kamba upande mmoja.

Dosari nyengine ni ya mwisho wa taarikh yenyewe. Miaka elfu mbili ni hesabu ya kweli, lakini karne zake za mwisho ni nyembamba. Watu wa Chan walikuwa wameshapungua sana baada ya Xunantunich kuanguka. Kijiji hakikusalimika na anguko la wafalme kama vile hakikuwahusu. Na baada ya 1200? Kitabu kinafungwa, na msomaji asiye mjuzi anabaki na yale yale ya mwanafunzi wangu: wakaondoka, basi.

Mtasema nalaumu mtu wa kuchimba kwa kutochimba pasipokuwepo. La. Nataja hili kwa sababu Belize swali la "walikwenda wapi" liliwahi kufika mahakamani. Vijiji viwili vya Wamaya wa wilaya ya Toledo, kusini ya nchi, Conejo na Santa Cruz, viliishtaki serikali kuhusu ardhi. Moja ya hoja walizopambana nazo ni kuwa hao si wenyeji bali ni wahamiaji waliotoka Guatemala siku hizi za karibuni. Angalieni ujanja wake. Kwanza unasema Wamaya wa kale walitoweka, kisha unamwambia Mmaya aliye mbele yako kuwa yeye si yule. Wanataarikh na wanaanthropolojia wakatoa ushahidi, na tarehe 18 Oktoba 2007 Jaji Mkuu akahukumu kuwa haki ya ardhi ya kimila ya Wamaya ipo na inalindwa na katiba. Jaji Mkuu mwenyewe alikuwa Abdulai Conteh, Mwafrika mwenzetu wa Sierra Leone. Mwaka 2015 Mahakama ya Haki ya Caribbean ikathibitisha haki hiyo kwa vijiji vya Wamaya wa Toledo, 38 kwa jumla. Na miezi miwili tu baadaye, Juni 2015, Wamaya 13 wakakamatwa katika mgogoro wa mtu aliyejenga nyumba juu ya magofu ya Uxbenká, palepale Santa Cruz. Watu walioambiwa hawana uhusiano na magofu ndio waliokuwa wakiyatetea.

Toledo si Cayo, na Wamopan na Waq'eqchi' wa leo si lazima wawe wajukuu wa damu wa watu wa Chan. Watu wa kusini ile walihamishwa kwa nguvu na Wahispania, wakarudi wengine, wakachanganyika. Sidai kuwa kitabu cha Robin kingekuwa kielelezo mahakamani. Ninachosema ni kuwa akiolojia ya wafalme haina la kumsaidia mkulima wa Santa Cruz, kwa sababu mfalme kweli alikwisha, nguzo ya mwisho ina tarehe. Akiolojia ya namna anayoifanya Robin ndiyo yenye kitu mkononi: namna ya kuotesha mahindi, kupanga nyumba na konde, kuacha mti mkubwa usimame. Hivyo havina tarehe ya mwisho. Ningetamani sura moja, moja tu, ambayo ingevuka mwaka 1200 na kufuata mambo hayo mpaka kwa walio hai.

Badala yake, tangu mwaka 2018 vichwa vya habari vimekuwa ni vya ndege zinazomulika msitu kwa miale. Walimulika kilomita za mraba 2,144 kaskazini ya Guatemala wakaona majengo zaidi ya 61,000, na kila gazeti likaandika "mji uliopotea". Kazi ya maana, siidharau, tena imethibitisha kuwa mashamba na makaazi yalienea kila mahali. Lakini ndege haimuoni bibi yangu. Inaona kilima. Ili kujua nani alikaa juu yake na alikula nini, bado itabidi mtu apige magoti na chekecheke mkononi, kama walivyofanya Chan.

Kitabu cha 2013 kinasomeka kwa urahisi, nawasihi mkipate. Kile cha 2012 ni kigumu zaidi, na mtu anaweza kuruka majedwali, ila asiruke sura za matuta na za mkaa. Na kama yupo kati yenu mtu wa fani ya mifupa aliyeisoma sura ya makaburi akaona nimemwonea Robin na wenzake, naomba anisahihishe bila kunionea haya. Ngoja ngoja yangu ni muhula ujao, maana ndio nitaisomesha tena.

Wasalaam.